Kadi ya kwanza ndiyo ngumu: tuliyojifunza Tanga kuhusu vijana na daftari la wapiga kura

Kila daftari la wapiga kura linapoboreshwa, lawama hurudi ileile: vijana hawajiandikishi, wameshika simu tu. Tanga utaisikia vibarazani Ngamiani, kwenye vijiwe vya kahawa Makorora na kwenye vikao vya mtaa kule Pongwe. Anayeitoa mara nyingi ni mtu mzima mwenye kadi ya mwaka 2015, ambaye tangu siku ile hajasimama tena kwenye foleni ya kuandikishwa. Mwaka 2025 hakujiandikisha. Jina lake lilikuwamo tu. Tume ya Uchaguzi ilishatangaza kwamba kadi za 2015 na za 2020 ni halali, kwa hiyo ambaye hakuhama wala kupoteza kadi hakuwa na la kufanya. Kijana wa miaka 18 ndiye aliyetakiwa kujua kituo kilipo, kukikuta kikiwa wazi, kujieleza yeye ni nani na anaishi wapi, na yote hayo ndani ya siku saba.

Sisi tuliozunguka mitaani kuhamasisha wakati wa uboreshaji wa 2024 na 2025 tumeona pengo hilo linavyotengenezwa. Uvivu upo, lakini si kwa kiasi kinachosemwa. Tatizo kubwa ni kalenda na makazi. Daftari linamhesabu mtu pale anapolala, na miaka 17 hadi 19 ndio umri ambao mtu hana mahali pamoja pa kulala. Haya ni kwa wazazi, walimu, wenyeviti wa mitaa, na vijana ambao zamu yao itafika kabla ya uchaguzi wa 2030.

Kwanza namba, maana zinatumiwa vibaya. Daftari la 2020 lilikuwa na wapiga kura 29,754,699. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikadiria kwamba uboreshaji uliozinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024 ungeleta wapiga kura wapya 5,586,433. Kazi ilipokamilika mwaka 2025, daftari lilikuwa na majina 37,655,559, ongezeko la karibu milioni 8. Mtu akitazama jumla hiyo atasema pengo halipo. Lakini jumla haimtaji aliyebaki nje. Kujua vijana ni sehemu gani ya daftari si sawa na kujua ni vijana wangapi, kati ya rika lao zima, walio ndani ya daftari. Nchi yetu imejaa vijana; wanaweza kuwa kundi kubwa kabisa daftarini na bado wenzao wengi wasiwemo. Kwa hiyo ukisikia "vijana ni asilimia kadhaa ya wapiga kura", uliza pia: kati ya vijana wangapi?

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wanatufundisha kitu hapo. Kenya iliingia kwenye uchaguzi wa 2022 na wapiga kura 22,120,458. Wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 ukilinganisha na 2017, huku ya wenye miaka 35 na kuendelea ikipanda. Nchi inakua, vijana wanazidi kuzaliwa, na daftari linazeeka. Kule kizuizi cha mlangoni ni kitambulisho cha taifa: huna kipande, huandikishwi. Kwetu kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, hakikuwa sharti, na hilo limewaokoa wengi, kwa kuwa NIDA yenyewe husajili mtu akishafikisha miaka 18.

Marekani nako, ambako katika majimbo mengi mtu hujiandikisha mwenyewe, nusu tu ya raia wa miaka 18 hadi 24 walipiga kura mwaka 2020, wakati kwa wale wa miaka 65 hadi 74 walikuwa asilimia 76. Majimbo kama California na Florida yameruhusu kijana kujiandikisha mapema tangu miaka 16, ili jambo hilo limkute angali darasani, ana mwalimu na ana wenzake wa kwenda nao. Hilo sisi tunalo nusu yake tu, na nusu yenyewe wengi hawaijui, tutalifikia.

Upande wa watu wazima nao umetiwa chumvi. Mtu akifariki, jina halijitoi daftarini. Lazima ndugu aende kituoni kutoa taarifa, na kwenye msiba nani anakumbuka kadi ya kura? Tume ilikadiria kuondoa majina 594,494 ya waliopoteza sifa, wakiwamo waliofariki. Kila jina la marehemu linalobaki linafanya rika la wazee lionekane limeandikishwa kuliko lilivyo. Kama una kadi ya marehemu kabatini, siku daftari likifunguliwa nenda nayo.

Sasa tufuate mambo yalivyokwenda.

Mtego wa kwanza uliwekwa miezi minne kabla. Tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 kulikuwa na uandikishaji wa wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika 27 Novemba 2024. Uandikishaji ule ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, si Tume. Unafika kwenye kituo cha mtaa wako, jina linaandikwa kwa kalamu, unaweka saini au dole gumba, unaondoka mikono mitupu. Vijana wengi waliotimiza miaka 18 mwaka ule waliandikwa hapo, na mwezi uliofuata wakamchagua mwenyekiti wa mtaa. Kwao hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na walijua wamemaliza. Februari ilipofika, ukimwambia aende kituoni anakujibu, "Mimi nimeshajiandikisha, kaka, hata kura nimepiga." Anasema kweli, ila lile ni daftari jingine. Watu wazima nao walichanganya mambo hayohayo, lakini wao hawakudhurika, kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye daftari la Tume tangu zamani. Hivyo kosa moja linamtoa kijana na kumwacha mzee salama. Namna ya kumweleza mtu ni fupi: kama hukupigwa picha, hukuchukuliwa alama za vidole na hukuondoka na kadi, hujaandikishwa kwa kura ya Rais, mbunge na diwani.

Mkoa wetu ulipangwa pamoja na Pwani, tarehe 13 hadi 19 Februari 2025, vituo vikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Ilikuwa katikati ya Shaabani, na watu wa Tanga wanaelewa maana yake: harusi zinakimbizana kabla ya Ramadhani, kila nyumba ina shughuli, na mabinti wa rika hilo ndio wanaopika, ndio wanaopambwa. Matangazo ya gari la vipaza sauti hupita saa ambazo wako jikoni. Tulichoona kinafanya kazi ni kuipeleka taarifa kwa mama mwenye shughuli mwenyewe, awaruhusu wasichana kwenda wawili wawili baada ya kazi za asubuhi. Kijana hakatai kwenda. Anangoja aliyemtuma amwambie basi.

Kisha lipo suala la umri, ambalo lilituchosha kuliko yote. Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18. Lakini katika kuandikisha, sifa ilikuwa mtu awe ametimiza miaka 18 au atakuwa ameitimiza ifikapo siku ya uchaguzi mkuu wa 2025. Maana yake mtoto wa miaka 17 na miezi kadhaa alistahili kuandikishwa Februari ile. Hiyo ndiyo nusu tuliyoisema. Nyumbani anaambiwa bado mdogo, shuleni anaambiwa asubiri amalize, na kwenye foleni wapo wa kumrudisha kwa maneno. Mazungumzo yalikuwa haya haya:

"Wee mtoto, huku ni kwa watu wazima. Rudi shule."

"Shikamoo baba. Natimiza kumi na nane mwezi wa tisa."

"Marahaba. Sasa si ungoje huo mwezi wa tisa?"

Angengoja, angekuta milango imefungwa. Aliyefika mezani na kutaja tarehe yake aliandikishwa. Waliopotea ni wale waliorudishwa wakiwa bado foleni. Jambo lililozidisha utata ni kwamba Februari siku yenyewe ya uchaguzi ilikuwa bado haijatangazwa. Ilitangazwa Julai kuwa ni 29 Oktoba 2025. Waliozaliwa mwishoni mwa Oktoba 2007 walikuwa hawajui wako upande gani wa mstari. Ushauri wetu kwa wa namna hiyo ni kwenda na cheti cha kuzaliwa na kumwachia mwandishi msaidizi aamue, badala ya kujihukumu mwenyewe barabarani.

Na uzito wa jambo hili uone kwa hesabu. Aliyezaliwa 29 Oktoba 2007 alistahili kupiga kura mwaka 2025. Aliyezaliwa kesho yake, 30 Oktoba 2007, kura yake ya kwanza ya Rais itakuwa 2030, akikaribia miaka 23. Hakuna alichokosea. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata, kwa hiyo anaweza kuandikishwa kabla ya hapo, lakini katikati ana miaka ya kuwa mtu mzima asiyekuwa daftarini, na mtu akizoea kutokuwemo anaona ndivyo ilivyo.

Nyaraka. Nenda na ulichonacho: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha shule, namba ya NIDA kama umeshaipata. Kinachoharibu mambo si kukosa karatasi, ni karatasi kutofautiana. Huku pwani jina moja lina sura nyingi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rajab, cheti cha darasa la saba Rajabu. Shaaban huku, Shabani kule. Athuman na Athumani, Mwanaidi na Mwanaid, Zuwena na Zuena. Halafu kuna majina matatu: shuleni ameandikwa kwa jina la baba na la babu, nyumbani anaitwa kwa jina la mjomba aliyemlea. Mwandishi anaandika anachosikia, na kituo kina kelele. Kijana wa mara ya kwanza anaona haya kumsahihisha mkubwa, anaitika tu "ndiyo". Mtu mzima akiona herufi imekosewa anagomba hapohapo mpaka ibadilishwe. Kwa hiyo kabla ya kwenda, jina liandikwe kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, mtaa na kata, karatasi hiyo iwekwe mezani mbele ya mwandishi. Kisha kabla kadi haijachapishwa, omba kusoma kilichoandikwa. Kusahihisha wakati ule ni sekunde chache. Kusahihisha baadaye ni kungoja daftari lifunguliwe tena.

Kwa wilaya ya Mkinga liongezwe moja. Kuna koo zenye watu Tanzania na Kenya, na mtoto wa miaka 18 ambaye mzazi mmoja ni wa Vanga, upande wa Kenya, ataulizwa uraia kwa makini kuliko babu yake anayejulikana na kijiji kizima. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi aliye Mtanzania viwe mkononi kabla ya kufika.

Tulipokwama hasa ni kwenye makazi.

Mpiga kura wa kawaida hupiga kura kwenye kituo alikoandikishwa. Kwa mama anayeuza samaki Deep Sea na anayelala Mzingani miaka ishirini, hilo si swali. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita wa bweni, pale Galanos au Tanga Ufundi, au juu Lushoto, ni fumbo. Februari yuko shule. Mei anafanya mtihani wa taifa. Baada ya hapo anaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, pengine kambi ya Maramba, pengine Mgambo, pengine mkoa mwingine kabisa. Oktoba yuko nyumbani au anaelekea chuoni. Akiandikishwa jirani na shule, siku ya kura kadi yake ni ya mahali asipokuwepo. Akisubiri aandikishwe kwao, zamu ya mkoa wao inapita yeye akiwa darasani, maana mikoa ilipangwa kwa mizunguko na kila mmoja una wiki yake.

Kuna wakuu wa shule waliotoa ruhusa mwisho wa wiki, na kwa watoto wa Muheza, Pangani au Korogwe wanaosoma mjini hiyo ilitosha: Jumamosi tarehe 15 na Jumapili tarehe 16 Februari vituo vilikuwa wazi, basi la asubuhi linakufikisha, jioni umerudi bwenini. Kwa aliyetoka Kigoma au Mbeya hakuna ruhusa inayotosha. Kwake tulishauri ajiandikishe hapohapo shuleni alipo, hata kama ana hakika Oktoba hatakuwapo. Baadhi ya walimu walipinga wakisema ni kujaza daftari bure. Hatukubaliani nao, na sababu ni ya kiutendaji. Mfumo wa Tume wa mtandaoni, pamoja na huduma ya simu ya *152*00#, ulimwezesha mtu aliyekwisha kuandikishwa kuanzisha mwenyewe mchakato wa kuhama kituo au kurekebisha taarifa, kisha akamalizia kituoni. Mpiga kura mpya alilazimika kuanza kila kitu kituoni. Tazama kinyume chake: njia ya simu ilifunguliwa kwa wale wenye kadi, ambao wengi ni wakubwa, na kijana anayeishi kwenye simu ndiye aliyetakiwa kupanga foleni. Ndiyo maana tunasema kadi ya kwanza ndiyo ngumu. Ukishaipata, mahali popote, umehama kutoka kundi la wanaotafuta kwenda kundi la wanaorekebisha.

Wapo na wale waliotoka. Vijana wa Tanga wako Kariakoo, wako Mererani, wako kwenye mabasi. Wengi walipanga kuandikishwa nyumbani wakija Sikukuu. Idi el Fitri ilikuwa mwishoni mwa Machi 2025. Tanga ilishafunga tangu 19 Februari. Dar es Salaam, walikokuwa wakiishi, iliandikisha tarehe 17 hadi 23 Machi, ndani ya Ramadhani, wao wakiwa wanahesabu siku za kurudi. Wakaja na zawadi, bila kadi. Kijana anayefanya kazi mbali aandikishwe alipo, mapema, kisha ahamishe baadaye. Asijaribu kuandikishwa huku na huku kwa kujihami: kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai, na alama za vidole zinamfichua.

Kituoni kwenyewe kazi si ndefu. Unapokelewa, unatoa taarifa zako kwa mwandishi msaidizi, zinaingizwa kwenye mashine ya BVR inayohifadhi picha na alama za vidole, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole vyote, unaweka saini, kadi inachapishwa na unaipokea papo hapo. Hulipi chochote. Picha inataka uso uonekane wote. Ushungi hauna tatizo.

Vidole ndivyo vinavyogoma. Mikono ya wanaokata mkonge Korogwe na Muheza, wanaoponda kokoto, wanaovuta nyavu, huwa imechakaa mistari, na mashine hurudia mara tatu, mara nne. Kwa kawaida hiyo ni shida ya wakubwa, lakini kijana aliyeacha shule akaingia kibarua anayo akiwa na miaka 18. Kunawa kwa sabuni, kukausha, kisha kupaka mafuta kidogo sana na kuyafuta husaidia mashine isome. Hina na piko zilizokolea kwenye ncha za vidole zinaweza kusumbua pia, kwa hiyo bibi harusi wa Shaabani aende kituoni kabla ya kupambwa.

Wazee, wajawazito, wagonjwa, watu wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wachanga hupitishwa mbele. Ni utaratibu wa haki na hakuna kijana aliyelalamika kwa sauti. Lakini mwenye sare ya shule aliyetoroka mapumziko ya saa nne hawezi kuona watu kumi wakipita akabaki. Atarudi darasani, na kesho hatakuja. Ukimpangia mwanafunzi, mpangie saa 2 kamili au baada ya saa 10 jioni, na siku ya pili au ya tatu. Siku ya mwisho ni ya vurugu kila mahali.

Kwa kijana mwenye kibarua, gharama ya foleni ni ya namna nyingine. Dereva wa bodaboda wa miaka 19 ana hesabu ya tajiri ya kupeleka kila jioni, elfu saba mpaka elfu kumi, awe amepata abiria au hajapata. Saa tatu za foleni asubuhi ni mafuta ya pikipiki na chakula cha siku. Baba yake mvuvi, mwenye kadi tangu 2015, hakulipa hata senti. Vijiwe vilivyofanikiwa ni vile vilivyokubaliana kwa zamu: wawili wanakwenda, waliobaki wanawahifadhia nafasi ya kupakia, wakirudi wengine wawili. Viongozi wa vijiwe wanaelewa hesabu hizo kuliko mhamasishaji yeyote mwenye fulana.

Mwezi Mei 2025 daftari la awali lilibandikwa hadharani, sambamba na awamu ya pili ya uboreshaji, safari hii vituo vikiwa vichache, kwa ngazi ya kata. Hiyo ndiyo nafasi ambayo vijana waliitumia kidogo kuliko zote. Kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani ni kazi ya wastaafu. Walikuwapo kila asubuhi na miwani yao, na kwa kweli walikamata makosa mengi, hata ya watoto wa jirani. Kijana akishapata kadi anadhani yamekwisha. Angesoma jina lake pale angeona herufi iliyozidi, mwaka uliokosewa, au picha iliyokwenda kwa mtu mwingine. Pia ndiyo awamu iliyowapokea waliokosa Februari, waliopoteza kadi na waliotaka kuhama, na kwa kuwa foleni zilikuwa fupi ilikuwa nafuu kwa aliyejua.

Herufi ile iliyozidi huonekana uzito wake siku ya kura. Aliyepoteza kadi aliruhusiwa kupiga kura kwa kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, ilimradi jina limo daftarini na majina yanalingana. Rajab wa NIDA na Rajabu wa daftari hapo wanaweza kugeuka watu wawili.

Tulizungumza na vijana kabla ya 29 Oktoba 2025 na tumezungumza nao baadaye. Siku ile na zilizofuata nchi ilipitia maandamano, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Swali la "ya nini sasa?" lilikuwapo tangu mwanzo, na limekuwa zito. Kujiandikisha si lazima kisheria, na hatuna jibu la kumnyamazisha mtu mwenye swali hilo. Tunachokataa ni kumchanganya aliyeamua kutojiandikisha na yule aliyetaka akashindwa kwa sababu ya bweni, hesabu ya bodaboda au herufi moja. Wa pili ni wengi kuliko inavyodhaniwa, na wao wanasaidika.

Watakaokuwa vijana wa kadi ya kwanza mwaka 2030 ni pamoja na waliozaliwa 2011 na 2012, ambao sasa wanaanza sekondari au wanakaribia kuianza. Kazi yao inaanza kwa mzazi. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe sasa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, kabla mtoto hajahitaji chochote. Jina lililomo kwenye cheti hicho ndilo lipelekwe shuleni kwa ajili ya usajili wa mtihani wa darasa la saba, kwa sababu tahajia ya usajili ule humfuata hadi cheti cha kidato cha nne, kisha NIDA, kisha daftari. Kama darasa la saba limeshapita na majina hayalingani, mwone mwalimu wa taaluma kabla ya usajili wa kidato cha pili, ukiwa na cheti chenyewe, si nakala.